Lweru Liliwahi Kukauka: Historia ya Kina cha Ziwa Letu na Funzo kwa Michango Yetu



Kila mwaka sisi wa kamati ya fedha hupewa kurasa chache za kijitabu hiki ili tueleze mapato na matumizi ya chama. Hesabu hizo zipo kama kawaida, nanyi mtazisoma na kutuhoji. Mwaka huu, hata hivyo, tumeomba nafasi ya kuandika habari za historia, na sababu yetu ni ya kifedha. Maombi mengi ya miradi yanatoka ukanda wa ziwa: banda la kuanikia dagaa kwenye mwalo, choo cha umma, chanzo cha maji, chumba cha zahanati. Kabla ya kuidhinisha hata shilingi moja, tunajiuliza: je, miaka 30 ijayo ziwa litakuwa hapo lilipo leo?

Wengi wetu tulikua tukiamini kwamba ziwa ni kitu kisichobadilika. Kashai inajengwa, barabara inapanuliwa, migomba inaugua mnyauko, lakini Lweru lipo palepale na Musira kipo palepale. Historia inasema vingine. Lweru limewahi kukauka, limewahi kuwa juu kuliko leo, na hata katika kumbukumbu za wazazi wetu limepanda na kushuka kwa mita kadhaa. Waliofanya utafiti huo walitumia njia ambayo mhasibu yeyote ataitambua: walifungua daftari la ziwa wakakagua mapato, matumizi na salio.

Mapato na matumizi ya ziwa

Ziwa Victoria lina eneo la takribani kilometa za mraba 68,800. Pamoja na ukubwa huo, si refu kwenda chini: mahali penye kina kikubwa ni kama mita 80 tu, na wastani wake ni mita 40. Tanganyika, jirani yetu wa kusini magharibi, lina kina cha zaidi ya mita 1,400. Yaani Lweru ni sinia pana, si mtungi.

Upande wa mapato, takribani asilimia 80 ya maji ya ziwa ni mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe. Sehemu iliyobaki huletwa na mito, na mto mkubwa kuliko yote ni Kagera yetu. Upande wa matumizi, robo tatu ya maji au zaidi hupaa angani kama mvuke kwa sababu ya jua na upepo. Yanayobaki hutokea Jinja, Uganda, na kuanza safari ya Nile kwenda Misri.

Biashara ya namna hii kila mhasibu anaiogopa. Mapato ni makubwa, matumizi ni makubwa, na tofauti kati ya viwili hivyo ni ndogo. Mvua ikipungua kidogo kwa miaka kadhaa mfululizo, salio linaliwa. Ikizidi kidogo, salio linafurika. Kwa eneo lile la ziwa, kila milimita moja ya kupanda au kushuka ni mita za ujazo milioni 68.8 za maji. Na tukipiga hesabu ya juujuu, kama lisingeingia tone hata moja huku jua likiendelea kuchukua mita moja na nusu kwa mwaka, hata kile kina cha mita 80 kingekwisha kabla ya miaka 60. Hali hiyo haiwezi kutokea kwa ukamilifu wake, kwa kuwa mvua haikomi kabisa. Lakini inatuonyesha kwamba akiba ya ziwa hili ni ya miongo michache, wala si ya milele.

Kujenga modeli ya ziwa, basi, ni kuandika daftari hilo kwa hesabu: unaweka mvua, mito, mvuke na maji yatokayo Jinja, kisha unaangalia kina kinavyokwenda mwaka hadi mwaka. Ukiwa na mvua unaweza kutafuta kina. Ukiwa na kina unaweza kurudi nyuma ukatafuta mvua.

Wakati wa kutembea kwa miguu hadi Mwanza

Ziwa letu lenyewe si la zamani sana kwa umri wa dunia. Hapo kale, Kagera na mito mingine ilitiririka kuelekea magharibi, upande wa Kongo. Ardhi ya magharibi ilipoinuka kando ya Bonde la Ufa, mito ilizuiwa, mingine ikageuza mwelekeo, na maji yakajikusanya katika bonde la katikati. Wanajiolojia wanakadiria kwamba hilo lilitokea kama miaka 400,000 iliyopita. Mabwawa na maziwa madogo yanayofuatana na Kagera hadi leo yanatokana na mageuzi hayo.

Mwaka 1995 watafiti, akiwamo Thomas Johnson wa Marekani, walipita ziwani na vyombo vinavyotuma mawimbi ya sauti hadi chini ya tope. Mawimbi hayo yanaporudi huchora tabaka za chini, kama daktari anavyompima mama mjamzito. Kisha waliteremsha mabomba marefu wakatoa vipande vya tope vilivyosimama wima, tabaka juu ya tabaka, la zamani likiwa chini na jipya juu. Chini ya tope la ziwa walikuta kitu kisichotakiwa kuwapo chini ya ziwa: udongo mgumu wa nchi kavu, wenye alama za mizizi midogo ya mimea. Palikuwa na ardhi. Majani yaliota pale ambapo leo sangara wanaogelea.

Matokeo yao yalichapishwa Agosti 1996. Kwetu sisi mwaka huo hauna haja ya kukumbushwa, kwa maana mwezi Mei Lweru lilikuwa limewachukua ndugu zetu katika MV Bukoba. Katika mwaka uleule tuliolia kwa sababu ya kina cha maji haya, sayansi ilieleza kwamba kuna wakati hayakuwapo.

Umri wa tope hupimwa kwa radiokaboni, yaani kwa kuangalia kiasi cha kaboni ya aina fulani kilichobaki katika mabaki ya viumbe. Vipimo hivyo vinaonyesha kwamba ziwa lilikauka kabisa, au karibu kabisa, kati ya miaka 18,000 na 14,500 hivi iliyopita, na huenda lilikauka zaidi ya mara moja katika kipindi hicho. Musira kilikuwa kilima. Bumbire, Kerebe na Goziba vilikuwa vilima. Mtu angeweza kuondoka mahali ilipo Kemondo leo akatembea katika mbuga hadi ilipo Mwanza bila kulowesha miguu.

Chanzo cha ukame huo kilikuwa mbali. Barafu kubwa iliyofunika kaskazini ya dunia ilimwaga maji baridi katika bahari ya Atlantiki, mzunguko wa bahari ukadhoofika, na mvua za Afrika na za sehemu kubwa ya Asia zikaathirika kwa pamoja. Mwanasayansi Curt Stager na wenzake walieleza ukame huo mwaka 2011 kuwa mmoja wa mikubwa kuliko yote tuliyo na ushahidi wake. Jambo lililotokea upande wa pili wa dunia lilikausha ziwa la kwetu.

Kisha mvua zikarudi, na zilirudi kwa nguvu. Kuanzia kama miaka 14,500 iliyopita Afrika iliingia katika kipindi kirefu cha unyevu, wakati ambapo hata Sahara ilikuwa na maziwa na nyasi. Bonde letu likajaa, maji yakapata mlango Jinja na kuanza tena kuilisha Nile Nyeupe. Ukingoni mwa ziwa upande wa Uganda bado kuna ngazi za fukwe za kale, moja kama mita 3 juu ya maji ya sasa na nyingine zaidi ya mita 10, alama za nyakati ambazo Lweru lilisimama juu kuliko leo.

Kuna ushahidi mwingine tunaoweza hata kuula. Furu, wale samaki wadogo wa rangi nyingi, wako aina zipatazo 500 katika ziwa hili, na nyingi hazipatikani kwingine duniani. Mwaka 2018 watafiti wa Uswisi walichimba tope jipya katika maji ya Tanzania wakishirikiana na wataalamu wa Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania, TAFIRI. Ndani yake walikuta meno ya samaki kwa maelfu, yakifuatana tangu ziwa lilipoanza kujaa upya. Samaki wote hao wameenea katika ziwa ambalo miaka 15,000 iliyopita lilikuwa majani.

Alama za wazee wetu katika tope

Tope halihifadhi habari za mvua peke yake. Linahifadhi chavua ya miti na majani, na chembe za mkaa wa moto. Hapo ndipo historia ya ziwa inapokutana na historia ya watu.

Kule Katuruka, karibu na Maruku, mwanaakiolojia Peter Schmidt na wasaidizi wake wenyeji walichimbua tangu miaka ya 1970 mabaki ya tanuri za kuyeyushia chuma zenye umri wa zaidi ya miaka 2,000. Mafundi wale walihitaji mkaa mwingi, na mkaa ulitoka katika misitu ya ukanda wetu. Kwa hiyo chavua ya miti inapopungua katika tope la miaka 2,000 iliyopita, mtafiti hawezi kuandika haraka kwamba mvua ilipungua. Huenda ni shoka. Mkaguzi wa hesabu anajua kazi hiyo: kutenganisha hasara iliyoletwa na soko na hasara iliyoletwa na mikono ya wenye duka.

Wazee wetu nao walikuwa na namna yao ya kulisoma ziwa. Walimtambua Mugasha kuwa bwana wa maji na dhoruba, asiyezoeleka wala kutabirika. Tuwe na imani ipi leo, tabia waliyoieleza ni ileile ambayo vipimo vinaithibitisha: ziwa hutoa na ziwa hutwaa.

Kuisoma karne ya 19 kinyumenyume

Kina cha ziwa kilianza kupimwa kwa utaratibu, kwa ubao wa kipimo, mwaka 1896. Je, kabla ya hapo? Mwaka 2001 Sharon Nicholson na Xungang Yin wa Chuo Kikuu cha Florida State walitumia daftari la ziwa kinyumenyume. Walikusanya habari za kina cha maji kutoka katika simulizi za wenyeji na maandishi ya wasafiri, wakaziingiza katika modeli, kisha wakauliza: ili ziwa lifike hapa, ilipaswa kunyesha mvua kiasi gani?

Jibu lao ni kwamba miongo ya mwanzo ya karne ya 19 ilikuwa mikavu na ziwa lilikuwa chini. Baadaye lilipanda, na kufikia mwisho wa miaka ya 1870 lilikuwa juu sana, kiasi cha kulinganishwa na lile la 1964. Kwa hiyo Stanley alipolizunguka ziwa mwaka 1875, akapambana na watu wa Bumbire katika mkasa unaosimuliwa hadi leo, maji aliyoyakuta yalikuwa katika kipindi cha kupanda. Na Emin Pasha alipoanzisha kituo cha Bukoba mwaka 1890, alichagua ufukwe ambao mstari wake wa maji ulikuwa umetoka kusogea.

Tunapenda mfano huu kwa sababu unaonyesha thamani ya simulizi. Maneno ya mzee aliyesema "maji yaliwahi kufika kwenye jiwe lile" yaliingia katika hesabu za chuo kikuu, yakawa sawa na vocha iliyopotea kisha ikapatikana.

Mara tatu katika maisha yetu na ya wazazi wetu

Mwishoni mwa 1961, miezi ileile Tanganyika ilipokuwa ikijiandaa kwa Uhuru, mvua kubwa zilinyesha Afrika Mashariki yote. Bahari ya Hindi upande wetu ilikuwa na joto kuliko kawaida, na unyevu wake ukasukumwa bara. Miaka iliyofuata nayo ilikuwa na mvua nyingi. Kati ya 1961 na 1964 ziwa lilipanda kwa karibu mita 2.5. Mialo ilimezwa, gati zikafunikwa, na mashamba ya kando ya maji yakawa mabwawa. Kwa miongo mingi iliyofuata halikurudi mahali lilipokuwa kabla ya 1961.

Kisha ikaja 2005 na 2006. Ziwa lilishuka hadi kina kisichoonekana tangu miaka ya 1920. Wenye mitumbwi wanakumbuka walivyoburuta vyombo katika tope, na meli zilivyopata shida kufika gatini. Ukame ulichangia, lakini wataalamu walikadiria kwamba karibu nusu ya upungufu ilitokana na maji yaliyofunguliwa katika mabwawa ya umeme ya Jinja zaidi ya kiwango kilichokubaliwa. Bwawa la kwanza lilikamilika mwaka 1954, na tangu hapo upande mmoja wa matumizi ya ziwa una mtu mwenye saini.

Mara ya tatu ni juzi tu. Mvua za mwisho wa 2019 ziliendelea hadi 2020, na katika miezi sita ziwa likapanda kwa takribani mita 1.2. Mei 2020 lilifikia alama ya 1964 na kuipita kidogo. Utafiti ulioongozwa na Rosa Pietroiusti, uliochapishwa mwaka 2024, ulionyesha kwamba ongezeko la joto duniani linaloletwa na binadamu liliongeza uwezekano wa upandaji wa namna ile kwa karibu mara mbili.

Tuangalie umbali kati ya matukio hayo. Kutoka kina cha chini cha 2006 hadi kilele cha 2020 ni miaka 14 tu. Mtoto aliyeanza darasa la kwanza ziwa likiwa chini kabisa alimaliza sekondari likiwa limevunja rekodi.

Mbele kuna nini?

Kuna modeli zinazotuonya upande wa ukame. Mwaka 2020 Emily Beverly wa Chuo Kikuu cha Houston na wenzake walikokotoa kwamba hali ya mvua ya enzi ya ukame ule wa kale ikirudi pamoja na joto la leo, ziwa linaweza kuacha kutoa maji Jinja ndani ya miaka 10, na bandari zake zote kubwa zikabaki nchi kavu ndani ya karne moja. Bukoba na Kemondo ni bandari pia. Modeli nyingine, za Inne Vanderkelen na wenzake wa Ubelgiji mwaka 2018, zilionyesha kwamba kina cha miaka ijayo kitategemea sana namna mabwawa ya Jinja yatakavyoendeshwa. Na 2020 imetuonyesha upande wa mafuriko.

Hakuna mpishano hapo. Modeli haipigi ramli. Inasema: mvua ikiwa hivi, ziwa litakuwa hivi. Kazi yetu ni kupanga kwa kuzingatia pande zote mbili, kama tunavyopanga bajeti ya chama bila kujua mwakani kahawa itauzwa bei gani.

Tunachoomba tukichangie

Ndugu zetu, kutokana na historia hii kamati inaleta mapendekezo manne mbele ya mkutano.

Kwanza, kila mradi wa ukanda wa ziwa upimwe dhidi ya alama mbili: mahali maji yalipofika 1964 na yalipofika 2020. Jengo lisisimame chini ya alama hizo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka umbali wa mita 60 kutoka ukingoni mwa ziwa. Lakini mahali pa tambarare, ukingo ukisogea, mita 60 za mwaka wa ukame zinaweza kuwa ndani ya maji mwaka wa mafuriko. Tunajua ombi hili linaumiza, kwa kuwa wavuvi wanataka huduma karibu na mwalo. Basi chini kuwekwe vitu vinavyohamishika, na juu vile vya kudumu.

Pili, alama ya 1964 iandikwe sasa. Aliyekuwa na miaka 15 mwaka ule sasa amevuka 75. Akina Ta na akina Ma walioyaona maji yakiingia vibandani bado tunao, lakini kila msiba tunaosafiri kuuzika unatupunguzia mashahidi. Tunaomba fedha ndogo kwa ajili ya vijana wetu wa sekondari wawatembelee wazee hao kutoka Rubafu hadi visiwa vya Muleba, waonyeshwe mahali, wapige picha na kuweka jiwe la alama.

Tatu, shule za kwetu zipate vipimamvua na madaftari ya kuandikia kila siku. Mvua ya kwetu hubadilika ndani ya mwendo mfupi: ufukweni Bukoba hupata kama milimita 2,000 kwa mwaka, lakini ukielekea magharibi kuikaribia Karagwe inapungua hadi karibu nusu. Kipimo cha mjini hakimwambii mkulima wa Izigo au Nshamba mvua aliyopata yeye. Chombo hiki ni cha bei ndogo kuliko vyote tulivyowahi kununua, na kinachohitajika zaidi ni mtoto makini na mwalimu asiyechoka.

Nne, chemchemi na mabonde yenye unyevu yaendelee kulindwa. Ziwa likishuka, kijiji chenye chemchemi hai hakitakosa maji ya kunywa. Likifurika na kuchafuka, hali ni hiyohiyo. Chemchemi ndiyo akiba ya dharura, na akiba ya dharura haiguswi kwa kulima vitunguu msimu mmoja.

Gharama za kila pendekezo ziko katika jedwali la ukurasa unaofuata, pamoja na nafasi ya kuandika ahadi yako. Hatuombi fedha ya kulizuia ziwa, maana hakuna mwenye uwezo huo. Tunaomba fedha ya kuhakikisha kwamba banda, choo au darasa mtakalolijenga kwa jasho lenu halitafutwa na maji ambayo rekodi zilikwisha kutuambia kwamba huja.

Wazazi wetu walitusomesha kwa kahawa na ndizi ili tujue kusoma. Daftari la Lweru liko wazi mbele yetu. Tulisome pamoja, tuchangie pamoja, na Mungu awabariki nyote.